Skripti Ipo, Mkalimani Hayupo: Tajriba ya Mwanaisimu na Kompyuta Yake

1.0 Utangulizi

Insha hii inatokana na siku tatu nilizozitumia nyumbani kwangu Kigamboni nikijaribu kuendesha skripti moja kwenye kompyuta kuukuu. Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi. Msomaji asitarajie mwongozo wa kiufundi. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba tatizo lililonikabili lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, la kiisimu: ujumbe ulitaja kitu kimoja, ilhali kilichokosekana kilikuwa kingine.

Kompyuta hiyo niliijengea mwenyewe mfumo wa Linux, kwa kufuata mwongozo ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, ambao humwelekeza mtu kuunda kila programu kutokana na msimbo wake wa asili. Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chuo ambacho pia Arvi Hurskainen alikiundia mfumo wa SALAMA wa kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta. Nilichagua njia hiyo ndefu kwa kuwa mashine yangu ni dhaifu, na kwa kuwa nilitaka kukijua kila kilichomo ndani yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia, na kunguni nikamwona.

2.0 Tatizo Lilivyojitokeza

Mwanafunzi wangu wa uzamili alikuwa karibu kuitetea tasnifu yake kuhusu upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa sekondari. Hoja zake zote ziliegemea jedwali la viambishi vya ngeli lililotokana na skripti aliyoiandika mwenyewe. Nilimwomba anipe skripti hiyo pamoja na data, niyahakiki matokeo kabla ya Jumatatu.

Ijumaa jioni nilivuka kutoka Magogoni nikiwa na flashi mfukoni. Baada ya chakula cha usiku niliandika amri. Kompyuta ikanijibu kwa kutaja jina la skripti, kisha maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni “haikupatikana”.

Niliorodhesha mafaili: skripti ilikuwapo. Niliipa ruhusa ya kutekelezwa, ingawa ningepaswa kukumbuka kwamba ruhusa ikikosekana mfumo husema hivyo waziwazi. Niliihamisha kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski. Jibu likawa lile lile. Hapo nikaishuku kazi ya mikono yangu mwenyewe. Jumamosi nzima niliunda upya sheli, yaani ile programu inayopokea amri za mtumiaji, lakini hali haikubadilika.

Usiku nilimpigia simu mwanafunzi. “Shikamoo, Mwalimu,” alisema, “chuoni inafanya kazi bila shida.” Nilimshukuru, nikakata simu, kisha nikaanza kuwaza neno ambalo msimamizi hapaswi kuliwaza bila ushahidi: huenda jedwali lile halikutokana na skripti yoyote.

3.0 Ufumbuzi

Jumapili asubuhi niliacha kuisoma skripti kama maandishi, nikaitazama kwa kutumia programu inayoonyesha kila alama iliyomo katika faili, hata zile zisizoonekana kwa macho. Mstari wa kwanza wa skripti ya aina ile hutaja programu itakayoisoma mistari inayofuata na kuitekeleza, tuiite mkalimani. Mwishoni mwa jina la mkalimani kulikuwa na alama ya ziada, namba 13, ikifuatiwa na namba 10.

Linux humaliza mstari kwa alama moja tu, namba 10. Windows hutumia zote mbili. Sisi tuliopiga chapa kwa mashine za taipu tunaielewa asili ya jambo hili: kuna tendo la kurudisha roli mwanzo wa mstari, na kuna tendo la kupandisha karatasi. Mwanafunzi alikuwa ameongeza maelezo machache kwenye skripti kwa kutumia kompyuta ya Windows kabla ya kunikabidhi. Kwa hiyo, kiini cha mfumo wangu kiliihesabu namba 13 kuwa sehemu ya jina, kikamtafuta mkalimani ambaye hajapata kuwako.

Nilizifuta alama hizo kwa amri moja. Skripti ikatekelezwa, na jedwali likatoka kama la mwanafunzi, tarakimu kwa tarakimu.

4.0 Mjadala

Abiria anayefika Magogoni akaambiwa “hakipo”, anajua kwamba kivuko hakijarudi. Akiambiwa “hayupo”, anajua kwamba kivuko kipo, ila anayesubiriwa ni mtu, pengine nahodha. Kiambishi kimoja kinatosha. Maneno yale mawili ya Kiingereza hayana kiambishi cha namna hiyo. Anayeyatafsiri hana budi kuchagua kati ya hakupatikana, halikupatikana, hakikupatikana na haikupatikana.

Mwanzoni nilidhani hapa ndipo Kiswahili kingeniokoa. Nilipotafakari zaidi niliona sivyo. Skripti ikikosekana, au mkalimani akikosekana, kiini cha mfumo hurudisha namba ile ile ya kosa, yaani 2. Sheli huigeuza namba hiyo kuwa maneno bila kujua kipi kati ya viwili kimekosekana. Naye mfasiri wa programu aghalabu hukabidhiwa orodha ya tungo zilizotengwa na muktadha wake. Angeandika “haikupatikana”, na kiambishi kingeelekeza moja kwa moja kwenye skripti. Kiingereza kiliniacha katika utata. Kiswahili kingeniambia uongo kwa sarufi sahihi.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kazi za kompyuta. Suala la istilahi ni muhimu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mfasiri asiulize tu neno fulani huitwaje kwa Kiswahili. Aulize pia ni nini hasa ambacho hakikupatikana. Mtunzi wa programu asipoweza kumjibu, basi kasoro imo katika programu, na tafsiri haitaiponya.

5.0 Hitimisho

Jumatatu alfajiri nilivuka tena. Nilimkuta mwanafunzi nje ya ofisi yangu na nakala za tasnifu mkononi. Nilimweleza habari ya namba 13, akacheka kwa ahueni. Kisha nikamweleza nililowaza usiku wa Jumamosi, nikamwomba radhi. Hakucheka tena. Alinyamaza kidogo, akasema, “Nimekuelewa, Mwalimu,” tukaingia ndani kulipitia jedwali.