Utaratibu wa Kufuli

Kila mtu aliyewahi kuandika kazi yake katika kompyuta na kuihifadhi ametumia saraka, hata kama hakujua kwamba hilo ndilo jina lake. Wengi huiita folda. Saraka ni daftari la majina: kila mstari una jina moja, na mbele ya jina imeandikwa namba ya kitu chenyewe. Jina laweza kuwa la barua, la picha, au la saraka nyingine iliyo ndani ya ile ya kwanza. Na hiyo nayo ina majina yake, hata jamii nzima ikafanana na mti wenye shina moja na matawi mengi. Ukihifadhi insha yako, mstari mmoja huongezwa. Ukiifuta, mstari huondolewa. Yaonekana ni jambo jepesi, nawe msomaji waweza kuuliza kwa nini mwalimu wa hisabati ashike kalamu kulieleza.

Sababu ni hii. Katika chuo cha ualimu ninachofundisha, wanafunzi huleta maandalio ya masomo yao katika kompyuta moja, katika saraka moja, na aghalabu hungoja hata saa ya mwisho. Siku moja mmoja wao aliuliza: watu arobaini wakiandika katika daftari moja kwa dakika moja, mbona mistari haipandani? Niliona swali hilo lastahili jibu kamili, nami nililipata katika maandishi ya Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki katika nchi ya Finland. Usidhani ni kitu cha mbali. Simu za Android huendeshwa na kiini hicho, hivyo yamkini kimo mfukoni mwa mzazi wako sasa hivi.

Fikiri programu mbili zinazotaka kuandika jina lilelile katika saraka moja. Ya kwanza hutazama, haioni jina hilo. Kabla haijaandika, ya pili nayo hutazama, nayo haioni kitu. Zote mbili zaandika. Sasa daftari lina majina mawili yaliyo sawa, au moja limefunika jingine, na kazi ya mtu imepotea ijapokuwa hakukosea. Dawa yake ni kufuli. Kila saraka ina kufuli yake, na atakaye kubadili mstari sharti aishike kwanza, atazame, aandike, ndipo aiachilie. Wanaotafuta tu, pasipo kubadili kitu, hawadhuriani. Walakini kabla ya toleo la 4.7 la mwaka 2016 hata wao, wakitafuta jina ambalo kiini hakikuwa nalo karibu katika kumbukumbu, walipanga foleni mmoja mmoja. Tangu hapo watafutaji huingia pamoja, na mwandishi ndiye aingiaye peke yake.

Ugumu huanza pale mtu mmoja anapohitaji kufuli mbili. Nimeuona ugumu huo hata pasipo kompyuta. Mwalimu mmoja alichukua ufunguo wa maabara, akakaa kungoja projekta. Mwenziwe alichukua projekta, akakaa kungoja ufunguo wa maabara. Wote wawili ni watu wa adabu, kila mmoja alikuwa amekwisha kutia sahihi yake, na hakuna aliyekuwa tayari kurudisha alichoshika kabla ya kumaliza kazi. Walikaa hivyo, wakizungumza kwa upole, hata kengele ikalia. Kompyuta haina kengele. Programu mbili zikikwama namna hiyo zitangojana mpaka mtambo uzimwe, na kila programu itakayozihitaji saraka hizo itakwama nyuma yao. Mwaka 1971 E. G. Coffman na wenziwe wawili walieleza masharti manne ambayo hayana budi kutimia yote ndipo mkwamo utokee. Mojawapo ni mviringo: wa kwanza amngoje wa pili, wa pili amngoje wa tatu, hata wa mwisho amngoje wa kwanza. Ukiuvunja mviringo, mkwamo hauwezekani.

Linux huuvunja kwa kanuni ya ukoo: mzazi hufungwa kabla ya mtoto. Atakaye kuiondoa saraka hufunga kwanza ile iliyoizaa, hutafuta jina, kisha hufunga ile inayoondolewa. Kwa kuwa kila mmoja hushuka kutoka shinani kuelekea matawini, na hapana apandaye, hawawezi kufanya mviringo. Kanuni hii haidai wema wala subira kwa yeyote. Hudai tu kwamba wote waanzie upande mmoja.

Lakini mti huu una tabia ambayo miti ya msituni haina: tawi laweza kung'olewa na kupachikwa mahali pengine, pamoja na vitawi vyake vyote, nao usinyauke. Hapo ndipo penye hatari niliyotaka kukuonyesha. Chukua saraka mbili zilizo ndugu, Mitihani na Michezo. Programu moja yataka kuitia Mitihani ndani ya Michezo. Nyingine, wakati uleule, yataka kuitia Michezo ndani ya Mitihani. Kila moja yajiuliza kwanza: je, ninakoipeleka si ndani yake yenyewe? Kila moja yajibu, kwa haki, la. Zikiachwa ziendelee, Mitihani itakuwa mtoto wa Michezo, na Michezo mtoto wa Mitihani, wala hapana hata moja iliyoshikamana na shina. Hakuna kilichofutwa. Kila insha na kila alama ingali imo diskini, imeshika nafasi yake. Lakini hakuna njia ya kuifikia, maana kila njia huanzia shinani. Mtu aliyefutiwa kazi yake hujua amefutiwa. Huyu ataambiwa kazi yake haipo, na kumbe ipo.

Kufuli za saraka moja moja hazitoshi kulizuia jambo hilo, kwa kuwa ukoo wenyewe unabadilika wakati unapouulizia. Kwa hiyo pana kufuli moja kuu kwa kila mfumo wa faili, na ahamishaye kitu kutoka saraka moja hata nyingine sharti aishike kabla ya zote. Akiwa nayo, hapana mwingine awezaye kuhamisha, ukoo umetulia, ndipo huuliza nani ni babu wa nani, hufunga wa juu kwanza, na kuikataa safari iendayo ndani ya msafiri mwenyewe. Yawezekana wewe ukaona foleni moja kwa mfumo mzima ni ukali. Mimi naona ni bei ndogo, kwa sababu kuhamisha hutokea mara chache mno kuliko kutafuta, na kubadili jina ndani ya saraka ileile hakuhitaji kufuli hiyo.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba kanuni hizi hazikuachwa ziaminiwe tu. Zimeandikwa pamoja na uthibitisho, na mtindo wake ni ule muujuao katika jometri: tuchukulie kwamba mkwamo upo, tufuate matokeo yake, mpaka tufike pasipowezekana. Nao uthibitisho huo haukukaa daima katika umbo moja. Mwaka 2023 Jan Kara alionyesha kwamba saraka inayohamishiwa kwa mzazi mwingine yapasa kufungwa yenyewe pia, kwa kuwa ndani yake mna mstari unaomtaja mzazi, na mstari huo hubadilika. Kufuli iliyoongezwa ilidai utaratibu wake, na Al Viro akazirekebisha kanuni na uthibitisho wake kwa mara nyingine.

Ukipata nafasi katika chumba cha kompyuta, fungua saraka mpya uiite Mitihani, ndani yake uweke nyingine uiite Michezo, kisha ujaribu kuihamisha Mitihani uitie ndani ya Michezo. Utakataliwa papo hapo. Yasome maneno ya kukataliwa. Ni machache, wala hayataji ukoo wala kufuli kuu.