Ulimi wa Kijana Mnyamavu

Katika jamii zetu nyingi kijana mnyamavu husifiwa. Husemwa kwamba ana adabu, kwamba amelelewa akaleleka, na wazee humtuma huku na huko bila ya kusikia lalamiko. Ni wachache wanaouliza kama unyamavu huo ni adabu au ni hofu. Wangu ulikuwa hofu. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari Dar es Salaam, nikikaa kwa baba mdogo, niliweza kumaliza muhula mzima bila ya kunyosha mkono darasani, na dukani niliona heri nipunjwe chenji kuliko kusema.

Mwaka 2004, nikiwa na umri wa miaka 16, nilibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake hujulikana zaidi kwa jina la Wamormoni. Kanisa hili lilianzishwa Marekani mwaka 1830, na hapa Tanzania liliandikishwa mwaka 1992. Nyumbani hatukuwa na njaa ya dini. Sisi ni Walutheri wa Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig waliingia mwaka 1893. Kilichonivuta ni habari ya kijana mwenzangu. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, anasimulia kwamba mwaka 1820, akiwa na miaka 14, aliingia msituni karibu na kwao kumwomba Mungu. Hakuwa amewahi kabla ya hapo kusali kwa sauti, na alipojaribu, ulimi wake ulifungwa. Wengine husoma habari hiyo wakibishana juu ya maono yaliyofuata. Mimi nilisimama pale penye ulimi.

Wamormoni huliita kusanyiko lao dogo tawi, neno ambalo Mtanzania yeyote amelizoea katika mambo ya chama. Halina mhubiri wa mshahara. Waumini hupangiwa zamu ya kuhutubia, hata watoto wa miaka 12, na Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga, kisha anayetaka husimama na kutoa ushuhuda. Vijana wa kiume hubariki mkate na maji kwa sala yenye maneno maalumu. Anayekosea hutakiwa kuirudia mpaka itimie. (Katika maandishi ya Kiswahili ya kanisa hilo mmisionari wa miaka 19 huitwa Mzee, jambo lililomchekesha sana mama yangu.) Siku yangu ilipofika nilipiga magoti, nikasikia sauti yangu ikijaza chumba kile, na wala haikuwa mbaya.

Lakini kabla ya hayo ilibidi wazazi wanipe ruhusa, kwa kuwa nilikuwa sijatimiza miaka 18. Baba, aliyezaliwa mwaka 1952, alikuwa amekwisha kuuliza habari. Alijua kwamba tangu katikati ya karne ya 19 hadi Juni 1978 kanisa hilo liliwanyima ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika.

"Mwaka huo nilikuwa na miaka 26," aliniambia. "Wangenipokea kama nani?"

Nilimjibu kwamba nalijua jambo hilo. Sikuwa na jibu jingine. Mwaka 2013 kanisa lenyewe liliandika kuzikana nadharia za kale zilizodai kwamba weusi wa ngozi ni alama ya laana, nami nilifurahi. Hata hivyo swali la baba halijajibika kwa hilo. Alitia sahihi, akanirudishia karatasi bila ya kuniangalia.

Desemba tulikwenda nyumbani kama Wachaga wote waendavyo. Imani yangu mpya ilikataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Nami ada yangu ya shule ilitoka katika kahawa ya babu. Kahawa haikuleta tabu, kwa maana tuliilima kuliko tulivyoinywa. Tabu ilikuwa mbege. Pombe hii ya ndizi na ulezi si kinywaji tu: posa hukamilika kwayo, na ndugu waliogombana hupatana kwayo. Kata hupita mkono kwa mkono, na anayeikataa huonekana amewakataa watu.

Kata iliponifikia, ukoo mzima ulinitazama. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamkabidhi babu bila ya kunywa.

"Dini gani hiyo isiyonywa na wenzake?" aliuliza.

Nilisimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema mbele ya wazee wa ukoo, kwa muda usiopungua dakika tano, nikaeleza ninaamini nini na kwa nini bado mimi ni mjukuu wake. Babu hakuridhika. Alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia baba.

"Huyu ndiye yule asiyesema?"

Baba akajibu kwamba ndiye. Babu akanywa, akaipitisha kata kwa anayefuata, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kahawa.