Bustani ya Majini Aliyoianza Baba

Marehemu baba yetu alikuwa baharia, na katika safari zake za Rotterdam aliona jambo ambalo hakuchoka kutusimulia: tangi la kioo lisilo na jiwe wala gogo ndani yake, ila mimea mitupu iliyopangwa mithili ya bustani. Waholanzi waliuanza mtindo huo katika miaka ya 1930. Alipostaafu, baba alinunua tangi la urefu wa sentimita 90, akatandika changarawe, akatia maji na samaki wachache. Mauti yakamfika kabla hajapanda hata mche mmoja.

Mama alikaa eda katika chumba kilekile lilimokuwa tangi. Miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa mwanamke aliyezoea shughuli, naye alikuwa haneni ila la lazima. Sisi wanawe tukaona tuikamilishe kazi ya baba, kwani samaki wale walikuwa amana juu yetu, na huenda mama akapata cha kutazama.

Tulianza kwa pupa. Kila mche tulioupata tuliutia, aina zisizopungua 15, na baada ya wiki chache tangi likawa kichaka. Mimea mirefu iliinyima mifupi mwangaza, majani ya chini yakaoza, kioo kikashika utando wa kijani. Mama alitazama, akasema: "Baba yenu hakusimulia hivi. Alisema palikuwa na njia."

Ndipo tulipojifunza kanuni zake. Waholanzi hukadiria aina moja kwa kila sentimita 10 za urefu wa tangi. Letu lilitosha tisa, nasi tukabakisha saba. Kila aina hupandwa katika fungu lake, mirefu nyuma na mifupi mbele, jani jembamba kando ya jani pana, jekundu kando ya la kijani. Baina ya mafungu huachwa upenyo. Fungu moja hupandwa kwa safu inayopanda kutoka mbele kwenda nyuma, nayo huitwa barabara. Jicho huifuata kama mtu aingiaye kichochoro cha Mji wa Kale, na tangi dogo likaonekana lina kina.

Kazi kubwa haikuwa kupanda, bali kukata. Mche uliorefuka hukatwa kilele, na kilele hicho huchomekwa tena changaraweni kikatoa mizizi. Mama aliishika kazi hiyo mwenyewe. Kila Alhamisi tulibadilisha theluthi ya maji, kwa maji ya mfereji yaliyolala ndooni usiku kucha. Yale ya zamani tukamwagia asumini na mrehani, tusije tukafanya israfu katika mji ambao maji hununuliwa mkokotenini. Naye mama, mkono ukiwa majini, akaanza kuzungumza: habari za baba, safari zake, na barua alizomletea.

Tulidhani mama alihitaji cha kutazama. Kumbe alihitaji cha kutunza. Eda ilipokwisha, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa dada yake, naye mjane, na mkononi alichukua chupa ya maji yenye vilele vitatu.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, na awape subira wote waliofiwa. Amin.