Majina Nyuma ya Picha

Likizo ya mwezi wa sita tulikwenda Kalenga, karibu na Iringa, mafrateri watatu, kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa.

Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lilirudi 1954. Gavana Twining alilikuta Bremen katikati ya mafuvu mengi, akalichagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake Mkwawa. Wapo wanaouliza hadi leo kama ndilo lenyewe. Nasi, wanafunzi wa falsafa, tulibishana ndani ya basi hadi Ruaha Mbuyuni. Kisha mmoja wetu akauliza: na yale yaliyobaki kabatini, yalikuwa ya baba za nani? Tukanyamaza.

Jioni tulifika Ruhembe, kwa bibi wa mwenzetu. Ukutani ipo picha ya wakata miwa saba na mapanga yao. Babu yumo. Kila likizo tunakula chini yake bila kuuliza kitu. Usiku ule tuliitoa kwenye fremu. Mchwa walishakula pembe moja.

"Bibi, hawa wengine ni akina nani?"

Akavaa miwani, akawataja, sisi tukiandika nyuma kwa penseli. Watano. Wa sita alikumbuka jina la utani tu. Kwa wa saba alikaa kimya muda mrefu.

"Mngeniuliza kabla jirani yangu hajafariki, wajukuu zangu. Huyu alikuwa kaka yake."