Mdogo Wangu na Kreti za Soda

2 Aprili 2025, Jumatano

Leo ni Siku ya Usonji Duniani, inayoadhimishwa tangu 2008. Redioni wamezungumza vizuri: dalili za mapema, kumwahi mtoto, shule. Watu wazima hawakutajwa. Mdogo wangu mwenye usonji ana miaka thelathini na moja. Tangu amalize shule hakuna aliyebisha hodi kutuuliza anashindaje. Anashinda uani. Mama naye umri unakwenda, na sote nyumbani tunalikwepa swali la nani atabaki na mdogo wangu.

6 Aprili, Jumapili

Nimerudia kusoma habari za Donald Triplett wa Forest, mji mdogo wa Mississippi, Marekani, mtoto wa kwanza katika ripoti ya Dkt. Leo Kanner ya 1943 kuhusu usonji. Utotoni alipelekwa kuishi shambani kwa mtu na mkewe. Alikuwa haachi kuhesabu mistari ya mahindi. Hawakumgombeza, walimpa farasi na plau, akawa anahesabu huku analima! Ukubwani alifanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi hadi alipofariki 2023, akiwa na miaka 89. Najua, benki ilikuwa ya jamaa zake, na si kila mtu ana jamaa wa namna hiyo. Ila wale wakulima wawili nawafikiria kila siku. Watu kama hao hata mtaani kwetu wapo.

14 Aprili, Jumatatu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Duka la jumla la hapa mtaani halifikii idadi hiyo, lakini mzee mwenye duka amekubali kumpa mdogo wangu kazi. Mdogo wangu anapanga kreti za soda asubuhi, wateja wakiwa bado wachache. Niliomba redio izimwe, na ratiba ikibadilika aambiwe jana yake.

Leo kijana wa dukani alimwambia, "Bro, panga vizuri basi." Mdogo wangu akasimama tu, mikono masikioni. Nikamnong'oneza kijana amwambie: kreti sita kwenda juu, nyekundu zikae ukutani. Alipoambiwa hivyo akaanza, na hakusimama mpaka ukuta ukajaa.

Mama ameuliza analipwa ngapi. Analipwa pungufu ya yule kijana, na kazi ni ileile. Kesho naenda kuzungumza na mzee.