Dirisha lisilopiga hodi

Miti ni pale barabara inapogawanyika: ukitoka Bukavu, moja kwa moja unakwenda Kavumu, kushoto unapanda kuelekea Tshivanga. Karibu na soko, katika duka la kupiga fotokopi, nilimwaibisha mdogo wangu mbele ya watu.

Alikuwa anaomba msaada wa masomo kwenye tovuti moja, na siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo. Alijaza kila kitu, akabonyeza kitufe cha kuthibitisha. Kimya. Tukanunua mega nyingine. Kimya. Nikamfokea: “Umekosea kubonyeza!” Akainamisha kichwa.

Mwenye duka, baba mmoja mpole, akanionyesha alama ndogo mwishoni mwa mstari wa anwani. Kumbe fomu ya mwisho ilikuwa inafunguka katika dirisha jipya, na kivinjari kimelizuia.

Kwenye simu yangu, niliyoiweka katika Kiswahili, madirisha hayo huitwa “madirisha ibukizi”. Nilikuwa nalicheka neno hilo, nikidhani ni tafsiri ya mashine. Lakini saidia huzaa saidizi, tegemea huzaa tegemezi. Basi ibukia huzaa ibukizi. Kitu kinakuibukia, hukukiita, wala hakikupiga hodi. Neno limebeba lalamiko lote.

Lalamiko ni la zamani. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya kufungua tangazo katika dirisha la pekee miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Hata kabla ya hapo vivinjari vilikuwa vimeweka mlinzi mlangoni. Internet Explorer ilimpata mwaka 2004.

Mlinzi huyo ana kanuni moja: dirisha lililoitwa na kidole chako lipite, linalojileta lenyewe lirudi. Tatizo ni kwamba kivinjari hukikumbuka kidole kwa sekunde chache tu. Ikiwa tovuti inangoja jibu kutoka mbali ndipo ifungue dirisha, na intaneti ni nzito kama ilivyokuwa siku ile, mgeni uliyemwalika hufika amechelewa na kupokewa kama mwizi. Nadhani ndivyo ilivyotukuta. Mdogo wangu alibonyeza sawasawa.

Nilitaka kuruhusu madirisha yote, yaishe. Yule baba akakataa: “Hapana. Ruhusu tovuti hiyo peke yake. Ukifungulia wote, kesho kompyuta yangu itajaa matangazo ya kamari.” Tukaingia kwenye mipangilio, tukaongeza anwani moja katika orodha ya wanaoruhusiwa. Mdogo wangu akabonyeza. Dirisha likafunguka, fomu ikaenda.

Njiani nilimwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Yaya, wewe unasoma lugha. Lile neno ulikuwa unaliona kila siku kwenye simu yako. Ulikuwa hulisomi?”

Sikuwa na jibu.