Uchovu Usiotoka kwa Usingizi

Twasomesha watoto Qur'ani hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka 25, na muda wote huo hatukupata kusikia kwamba mwalimu aweza kuumwa na kazi yake. Twajua malaria, twajua kikohozi cha vumbi la kiangazi; haya ya kuchoka tuliyahesabu kuwa ni uvivu.

Ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali yahamia Dodoma, watu waliongezeka, na chuo chetu kikajaa. Watoto 40 wakawa zaidi ya 100, na walimu ni sisi na kijana mmoja. Tukasomesha asubuhi na alasiri, na baada ya Isha tukizunguka majumbani mwa watu kusomesha wana wao, maana ada ya chuo haikutosha haja zetu. Ijumaa, siku ya chuo kufungwa, tulikuwa shambani kwenye zabibu. Tukijiambia kuwa hiyo yote ni ibada.

Kisha usingizi ukaacha kutufaa. Hata siku tuliyolala kutwa, tuliamka na mwili mzito kama tuliokesha. Sauti za watoto wakisoma, ambazo tangu ujana wetu zilikuwa zikitupoza moyo, zikawa zatukera. Mzazi akija kuuliza habari za mwanawe, twamjibu kwa mkato. Tukaanza kusema kwamba watoto wa siku hizi hawafundishiki, na kwamba kazi yetu yote haikuzaa kitu.

Siku moja mtoto wa miaka minane alikuwa akisoma Suratul-Mulk. Tukamkatiza, tukamchapa kwa kukosea. Yule kijana msaidizi akatusogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, samahani, amesoma sawasawa." Tukafungua msahafu. Alikuwa amesoma sawasawa. Hatukumtaka radhi siku ile; ilitupita wiki nzima ndipo tulipomtaka, mbele ya wenzake.

Mwenzetu wa nyumbani ndiye aliyesema, "Baba, wewe hukuwa mkali. Umechoka. Nenda kwa daktari." Tukasita. Wenyeji wa hapa watatufahamu: Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili iliyopo tangu mwaka 1927, watu wameifanya jina lake kuwa la kutaniana na kutukanana, hata mtu huona haya kutamka kuwa moyo wake hauko sawa. (Hospitali haina kosa, kosa ni la ndimi zetu.)

Daktari alitupima damu na mapigo ya moyo, kisha akauliza, "Maalim, siku yako ya kupumzika ni ipi?" Hatukuwa na jibu. Akatueleza kuwa mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali hii baada ya kuiona kwa watu waliojitolea kuwahudumia wengine, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza rasmi, si kama ugonjwa, bali kama hali itokayo na dhiki ya kazi iliyodumu bila kushughulikiwa: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi na kuibeza, na mtu kujiona kuwa hafanikiwi. Akatuonya pia: huzuni ikienea hata nje ya kazi, au mtu akitamani kufa, hilo ni jambo jingine, na asikawie kwenda hospitali.

Twakiri kuwa tumesomesha mara nyingi habari ya Bwana Abdalla bin Amr bin Al-Aas, aliyefunga kila siku na kusimama usiku kucha, Bwana Mtume (s.a.w.) akamkanya na kumjulisha kuwa mwili wake, macho yake na mkewe wana haki juu yake. Tumeisomesha kwa mifano mingi, wala hatukupata kudhani kuwa yatuhusu sisi.

Nyumba za usiku tumeziacha, isipokuwa moja. Mapato yamepungua, na mwaka ule tulichelewa kulipia sare za wanetu. Wazazi wameleta mwalimu wa tatu. Bado zipo siku kelele zatuchosha. Siku hizo twamwachia kijana darasa, twatoka nje kukaa kivulini.

Mtoto yule sasa amefika juzuu ya 26. Hukaa safu ya nyuma, mbali nasi, ingawa bakora hatuiweki tena chuoni.